Mchwa wa Daktari Mtarajiwa

Mficha uchi hazai. Methali hii haina haya hata kidogo, na ndiyo maana inafaa: anayeificha shida yake, hata mkunga akiwa jirani atampita.

Palikuwa na binti aliyesomea shahada ya uzamivu, na somo lake lilikuwa mchwa. Mtandaoni alijiita Daktari Mtarajiwa. Picha zake ziling'aa kama sufuria za bibi harusi: koti jeupe, miwani, na masanduku ya vioo yenye mchwa wanene. Wanafunzi wenzake wa mbali, ambao hawakuwahi kuonana naye, walimmiminia sifa. Naye aliwajibu kwa maringo, "Siri ni nidhamu, wapenzi!"

Kumbe kila kundi alilolipiga picha lilikufa. Dunia nzima inatafuta dawa ya kuua mchwa. Yeye aliwaua bila dawa. Sasa lilibaki kundi moja, nalo lilikuwa hoi.

"Hili likifa," msimamizi wake alimwambia, "tunaufunga utafiti wako."

Akampigia simu bibi yake huku akilia.

"Mchwa wanakufa?" bibi alishangaa. "Hawa waliokula mlango wangu wa choo, nani aliwalea?"

"Bibi, hawa ni wa maabara."

"Basi wamesoma mno. Si una wenzako huko kwenye simu? Waulize."

"Watanicheka."

"Kicheko hakijamtoboa mtu tumbo, mjukuu wangu."

Binti akapiga picha bila koti wala poda, maabara nzima ikaonekana. Akaandika: "Makundi yote mliyoyasifia yalikufa. Hili la mwisho linakufa. Nisaidieni." Akaifunika simu kama anayefunika jeneza.

Wa kwanza kujibu alimwita "Daktari wa Mazishi". Wa pili alikuwa mwanafunzi aliyejiita Malkia wa Kuvu.

"Pole, dada. Wangu walikufa hadi nikaota wananidai roho zao. Hebu niambie, hiyo taa kubwa ni ya nini? Sijawahi kuiona."

"Ya kupigia picha. Huwa naiondoa isionekane."

"Na vifuniko?"

"Nafungua, vioo visiingie ukungu."

"Dada wee! Umewaanika kama nguo! Mchwa wanataka giza na unyevunyevu. Zima, funika, lowanisha udongo."

Akafanya hivyo palepale. Wengine nao wakajitokeza: huyu vipimo vyake vilipotea, yule mwaka mzima hajaandika hata sentensi, na wote walikuwa wakitabasamu pichani. Wakawa wanajuliana hali kila asubuhi kama ndugu, na mchwa wakiulizwa kwanza.

Siku ya ukaguzi, msimamizi aliinua kitambaa cheusi, akachungulia.

"Haya ni mayai? Hongera! Picha iko wapi tuirushe?"

"Hakuna picha, mwalimu. Tafadhali funika."

Malkia wa mchwa akazaa, na muda ulipotimia tasnifu nayo ikazaliwa, mkunga wake akiwa mtu asiyewahi hata kumshika mkono. Ama kweli, mficha uchi hazai.