Macho Mawili Kando ya Jua

Niitikieni niwape ngano. Haya, mmeitika, sogeeni.

Palikuwa na mji wa wachemsha chumvi. Kila mianga miwili ilipowaka kando ya jua, mmoja kushoto na mmoja kulia, wazee walisema, "Zimwi limefumbua macho." Basi msichana akapelekwa uwandani, akaliwa. Mwaka wa kwanza akaenda Sidi. Wa pili akaenda Nyevu. Wa tatu wakamshika kibogoyo wa miaka sita, mdogo wake msichana aliyeitwa Mbodze.

"Mbona hajaliwa mvulana hata mmoja?" Mbodze akauliza.

"Mila haiulizwi, binti," akasema jumbe, mkuu wa mji.

"Basi nitaliuliza Zimwi lenyewe."

Akaenda yeye badala ya mdogo wake. Mianga ikamshukia, akajiona ana vivuli vitatu, na viwili vinalia kwa sauti za Sidi na Nyevu. Mbodze akapaza sauti.

"Wewe Zimwi! Nani kasema unataka wasichana?"

Zimwi likacheka. "Mimi niliagiza mkuu wa mji aje tusemezane. Wao hunitupia watoto. Nina njaa, nitakataaje?"

"Nifuate nikuonyeshe mlango wake."

Wakaenda, vile vivuli viwili vikitangulia.

Zimwi likamwita jumbe mara ya kwanza, akakomea mlango. Akaitwa mara ya pili, akaingia chini ya kitanda. Akaitwa mara ya tatu, akamnong'oneza mkewe, "Mwambie sipo!"

Vivuli vikajibu kwa sauti za kitoto, "Yupo. Yuko chini ya kitanda."

Ngano nimeitua hapo. Mwenye kuibeba na aibebe.