Mwenye Uchochoro

Kaeni niwape kisa, na mwenye haraka aende zake. Bwana Sekibaha, tajiri wa gesti katikati ya mji, alisimama kwenye mkutano wa mtaa, tumbo mbele, akatangaza kwamba uchochoro wa kwendea bombani ni wake na kesho anauwekea geti. Sisi tukachote maji mtaa wa pili! Mwenyekiti Lukonge, aliyekwisha kunywa soda ya tajiri, akatazama viatu vyake.

Bi Nyamizi muuza bagia akainuka. "Hongera, baba. Basi mwandishi wa mkutano aandike kabisa kuwa uchochoro ni wa Bwana Sekibaha, pamoja na mtaro wake."

"Mtaro upi?"

"Ule ulioziba, unaomwaga uchafu hadi sokoni. Yule bwana mwenye faili pale mlangoni, tangu asubuhi anauliza mwenye uchochoro ni nani."

Sekibaha akageuka, akaona tai, akaona faili. Akaiona na faini ya mtaro.

"Nani kasema ni wangu? Uchochoro ni wa wananchi!"

"Sema kwa nguvu, baba, sisi wazee hatusikii."

"Wa wananchi! Andika, mwandishi! Lete nitie sahihi!"

Akatia sahihi, akatokea mlango wa nyuma, kiatu kimoja kikimponyoka.

Bi Nyamizi akamwita mwenye faili. "Umesikia, bwana? Wenyewe ndio sisi. Haya, shida yako tuambie sisi."

Yule bwana akafungua faili lake, akatuonyesha picha za mishono ya magauni. Alikuwa fundi cherehani, anatafuta pa kuweka mashine pale uchochoroni.