Kauri za Kalunde

Neema ikifika kwa maskini, imeshakuwa bei. Mmeisikia leo dukani mkacheka, eti? Haya, kaeni niwaambie ilikotoka, maana si ya kuchekwa hata kidogo.

Zamani huko bara, fedha ilikuwa kauri, vile vigamba vyeupe vilivyoletwa kutoka pwani. Alikuwapo mjane mfinyanzi, Kalunde, aliyelima shamba la Mzee Kasubi. Kila mavuno Kasubi alichukua nusu, na nusu iliyobaki haikuwatosha watoto wanne. Kasubi alikubali kumuuzia shamba lile kwa kauri arobaini. Kalunde akafinyanga vyungu miaka sita, akafikisha thelathini na tano.

Ndipo msafara wa mtemi, mtawala wa nchi ile, uliporudi na mizigo ya kauri, ikatangazwa kwamba kila nyumba itapata fungu lake. Kalunde alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Masikini, hakujua! Kwa desturi yao, ugawaji ulianzia mkekani kwa mtemi. Siku ya kwanza ndugu zake na wazee wa baraza walichota kwa vikapu, wakatoka pale wakanunua ng'ombe, mtama na mashamba kwa bei ya jana. Watu wa nje ya ua wa mtemi walifikiwa siku ya tano, kauri kumi kila nyumba.

Kalunde akakimbilia kwa Kasubi na kauri zake arobaini na tano.

"Shamba shemeji ya mtemi alilichukua siku ile ya kwanza," Kasubi akasema. "Kwa arobaini. Ukilitaka, yeye anauza mia."

"Mia! Si tulikubaliana, mzee wangu?"

"Kauri zimejaa kila mahali sasa, mama."

"Kwangu zimeingia leo asubuhi!"

"Basi umechelewa."

Akaenda kulia kwa mtemi. Mtemi akamtazama kama anayetazama mtu mwenye choyo.

"Hukupewa kumi?"

"Nimepewa, Mtemi."

"Sasa unalia nini?"

"Ulitoa neema, Mtemi, sikatai. Lakini neema ikifika kwa maskini, imeshakuwa bei."

Wazee wa baraza wakaangua kicheko. Msimu ule Kalunde alilima shamba lile lile, na shemeji ya mtemi akachukua mafungu mawili kati ya matatu ya mavuno. Zile kauri arobaini na tano, jasho la miaka sita, zilimnunulia mtama wa mwezi mmoja.

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu: neema ikifika kwa maskini, imeshakuwa bei.