Nguchiro Aenda Kwenye Usaili wa Mshauri

— Paukwa, nyie mliokaa.
— Pakawa, wewe uliyesimama.

Palikuwa na Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne. Twiga, mkuu wa bonde, alikuwa akitafuta mshauri, na ujira wake kichuguu kizima chenye mchwa wanono. Nguchiro akaomba. Kiboko naye akaomba, ingawa hali mchwa. Alitaka tu kiwe chake.

Nguchiro akajiandaa siku sita. Asubuhi anajiuliza, anajibu, anakosea, anaanza tena. Jioni anajiuliza, anajibu, anakosea, anaanza tena. Watoto wakala panzi wakavu.

Siku ya saba, ti! ti! ti! Kiboko huyo.

"Nipe majibu yako."

"Bwana mkubwa, nimeyahangaikia mwenyewe."

"Basi nitakaa juu ya shimo lako."

Watoto walikuwa ndani. Nguchiro akampa majibu saba.

"Ongeza."

Akampa hadi kumi na mawili.

"Ongeza."

"Yamekwisha, bwana. Limebaki neno moja. Ukifika mbele ya Twiga, usiulize kitu. Ukiuliza ataona hujui."

Kiboko akaondoka, ti! ti! ti!, midomo ikimchezacheza kwa kukariri.

Siku ya usaili Twiga akamwita Kiboko kwanza.

"Wanyama wadogo hawaji tena mtoni kunywa maji. Tufanye nini?"

"Chimbeni kisima. Pandeni miti. Fukuzeni nzige..." Akayatoa yote kumi na mawili bila kupumua.

"Huna la kuniuliza?"

"Sina."

"Haya, kaa pale."

Nguchiro akaingia. Swali lile lile.

"Mkuu, wameacha kuja tangu lini?"

"Tangu masika."

"Walikuwa wakinywea wapi?"

"Kivukoni."

"Na tangu masika, nani analala kivukoni?"

Twiga akageuza shingo taratibu, akamtazama Kiboko. Wazee wa bonde wakamtazama Kiboko. Kiboko akatazama kwato zake.

"Basi ahame," akasema Nguchiro.

Kiboko akahamishwa siku ile ile, chubwi, kwenye dimbwi la mbali lenye tope zito. Nguchiro akaambiwa amepita duru ya kwanza. Ya pili keshokutwa. Mchwa hajaonja hata mmoja. Akarudi nyumbani, akawagawia watoto panzi, akaketi, akaanza kujiuliza.

Funzo, wenzangu: kujiandaa ni kujichosha bure. Mwache jirani ajiandae, kisha nenda ukamnyang'anye.

Ngano imefika kwake, nami naenda kwangu.