Sakafu Iliyowatisha Wakwe

Wapendwa, Disemba hiyo inakuja. Ukimtafuta fundi leo humpati, wote wameshashikwa. Watoto wetu wa mjini wanapanda mlimani kwa sikukuu, na kila mwenye nyumba anataka wakute pamependeza. Mimi sipingi. Nyumba ikipendeza tunamshukuru Mungu. Ila kabla hujamwonyesha fundi ile picha ya kwenye simu, tulia kidogo hapo kwenye benchi nikupe kisa cha baba mmoja wa huku huku kwetu milimani. Msiangaliane, hayupo humu.

Baba huyu tumwite Baba Nakijwa, maana alikuwa na binti yake, Nakijwa, na mtoto huyo alimpenda kupita kiasi. Nakijwa akapata mchumba, kijana mstaarabu, anatengeneza pampu za maji. Upande wa kijana ukatuma habari kwamba wanakuja kuleta posa. Basi baba wa watu raha ikamwisha. Akaitazama sebule yake, sakafu ya saruji imechunika, ukutani chokaa inabanduka, akajisemea, wakwe wakiona hapa watasema mwanangu katoka pangoni. Alitaka binti yake aolewe kwa heshima, basi. Kosa lake hapo liko wapi? Sisi wazazi si ndivyo tulivyo?

Akaita mafundi. Dari ya jipsamu ikapanda, ile ya ngazi ngazi, na taa zinazojibadilisha rangi zenyewe, mara bluu, mara zambarau. Mnacheka, lakini nazijua nyumba zilizonazo! Chini zikatandazwa marumaru nyeupe pe, ukiinama unaona meno yako. Likabaki jiko la nje, lile la mabanzi kule nyuma, kuta nyeusi kwa moshi, mafiga katikati na vigoda kuzunguka moto. Baba akataka libomolewe, pahali pake pawekwe bustani ya maua.

"Baba Nakijwa, jiko liache," mkewe akasema.

"Mama Nakijwa, jiko hilo limepitwa na wakati. Wakwe wakizunguka nyuma wakaliona, nitauweka wapi uso wangu?"

"Hizo taa zako mwakani watu watakuwa na nyingine. Mwenye baridi mwakani atataka moto, na mwaka ule mwingine atataka moto. Nakuomba hilo moja tu, mume wangu."

Baba akaguna. Jiko hakulibomoa, lakini alilizungushia mabati ili lisionekane, na akamwonya mama asithubutu kumpeleka mgeni huko.

Siku ikafika, na mvua nayo ikafika! Mnaijua ile mvua yetu, inanyesha taratibu kama imelipwa kwa siku, udongo mwekundu unaganda kwenye viatu mpaka mguu unakuwa mzito. Wakwe gari liliwashusha kule chini barabarani, wakapanda kilima kwa miguu. Alikuwepo baba mkubwa wa kijana, ndiye msemaji wao, na shangazi wa kijana. Kijana mwenyewe alibaki kwao, kama desturi inavyotaka.

"Hodi hapa!"

"Karibuni! Karibuni sana wakwe zetu, piteni ndani!" Baba Nakijwa akaufungua mlango wote, na taa zake zote zinawaka.

Wakwe wakasimama. Wakaitazama sakafu. Wakatazama viatu vyao. Yule mzee akarudi nyuma kidogo.

"Sisi hapa hapa barazani panatosha, mkwe," akasema.

"La, hasha! Vueni viatu tu, muingie, jisikieni nyumbani."

Aliposema vueni viatu, mzee akatazamana na shangazi. Hakuna aliyeinama kugusa kamba ya kiatu. "Tunashukuru," mzee akasema. "Tena afadhali tusikae sana, mvua yenyewe mnaiona."

Moyo wa Baba Nakijwa ukafanya paa! Kwetu sisi, mtu akija na posa halafu akakataa kuingia ndani, maana yake nini? Si amegeuza nia? Wamemkataa mwanangu, baba akawaza. Wamesikia nini juu yake? Na Nakijwa yuko chumbani, amevaa kitenge kipya, anasikia kila neno kupitia mlangoni. Baba akamsikia anaanza kulia.

Hapo Mama Nakijwa akatokea kwa nyuma, kajitanda khanga kichwani. "Jamani wakwe zangu, mnalowa! Njooni huku jikoni, kuna moto."

Baba nusura azimie. "Mama Nakijwa!" akanong'ona, anamkonyeza, anamfanyia ishara. Mama wala hakumtazama. Akasogeza bati, wakaingia wote na viatu vyao na matope yao, na hakuna aliyewaambia neno. Mzee akakaa kwenye kigoda, akainyoosha miguu motoni, viatu vikaanza kutoa mvuke. Sufuria ya makande ilikuwa inachemka. Shangazi akauchukua mwiko bila kuombwa, akakoroga, akaonja, akasema, "Chumvi bado, mkwe." Enyi akina mama, mgeni akikuambia chumvi bado, huyo si ameshafika? Wakala, wakacheka, posa ikatolewa kwa utaratibu wake. Nakijwa akaitwa, macho bado mekundu, akaulizwa kama wageni hawa anawafahamu. Akasema anawafahamu. Shangazi akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Baba Nakijwa alishukuru mpaka maneno yakamwishia. Lakini kuna jambo lilimkereketa. Walipokuwa wanaagana akamvuta mzee pembeni. "Mkwe, nisamehe nikuulize. Pale mlangoni mliona kasoro gani kwa mwanangu?"

"Kasoro?" Mzee akashangaa. "Mkwe, mimi soksi zangu zimetoboka, kidole gumba chote kiko nje. Nivue viatu mbele ya sakafu ile? Na shangazi mtu ana magaga, anaona aibu." Wakacheka wote wawili. Halafu mzee akaacha kucheka. "Ila ukweli nikuambie, tulikuwa tunaondoka. Kwetu sakafu ni ya udongo. Nilisema moyoni, mtoto aliyelelewa juu ya kioo hiki tutakwenda kumtesa. Pale barazani nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kuivunja posa. Ndipo mama akatuita motoni, nikaona kumbe ni watu kama sisi."

Kitu alichojenga Baba Nakijwa ili binti yake aolewe ndicho kilichokuwa kinamnyima mume. Akarudi kwa mkewe, mbele ya wakwe, akamshika mkono. "Mama Nakijwa, asante," akasema. "Asante kwa kunibishia." Wanaume wenzangu mliomo humu, mara ya mwisho kulisema neno hilo ilikuwa lini?

Haya, tuje kwetu sisi. Sijasema usiweke marumaru. Weka, na Mungu akubariki. Lakini hebu tuambiane kweli: dari za ngazi ngazi si ndizo mnazozibomoa mwaka huu? Mlipozipandisha si mlisema hizi ndizo za milele? Fasheni inakuja, inakwenda, na wewe unabaki na vumbi la jipsamu kichwani. Kwa hiyo ukikaa na fundi wako, muulize jambo ambalo picha ya kwenye simu haikuonyeshi. Mtu akija amelowa, soksi imetoboka, humu ndani atakaa wapi bila aibu? Jenga hapo pahali kwanza. Hapo wajukuu wako hawatapabomoa.

Na tushukuru, ndugu zangu, tena tushukuru sana. Maana sisi wenyewe ndio tuliosimama mlangoni kwa Mungu na matope yetu, na soksi zetu kila mmoja anazijua mwenyewe. Alituambia tubaki barazani mpaka tutakate? Alituita karibu na moto, akatupakulia, na mpaka leo tunakula kwake. Mimi nikikumbuka hilo, machozi hunitoka. Tungekuwa wapi leo, kama angeitazama sakafu yake akatutazama sisi?

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini kutoka hapa madhabahuni mimi naona nje, ninyi mmeupa mlango mgongo. Mvua imeanza. Kuna wazee watatu na mama mwenye mtoto mgongoni wamejibanza kwenye ukuta wetu, wanasikiliza dirishani. Walikuwa wanakaa humu ndani zamani. Tangu tuizindue sakafu hii mpya, sijawaona kwenye mabenchi. Nilidhani wameacha kusali.

Mzee wa kanisa, tafadhali, nenda kawaite. Waambie waingie na viatu vyao. Kwaya, subirini kwanza. Wimbo wa shukrani tutauimba wao wakishaketi.