Mkia Ndani, Ngiri Nje

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na milango kama sisi, Ngiri aliishi na mkewe na watoto wake kwenye shimo lenye mlango mwembamba. Kwao ngiri huingia ndani kinyumenyume. Matako hutangulia, meno yakabaki mlangoni kumngoja Chui.

Mwaka ule viazi vilizaa kupita kiasi. Ngiri akala, akala, hata jioni moja akarudi nyuma kuingia kwake, akasikia kwaruu! Kakwama.

"Sukuma, Baba Vumbi," mkewe alisema kutoka ndani.

"Nasukuma."

"Basi tupanue mlango."

"Tukiupanua, Chui naye ataingia. Acha nipungue mimi."

Kilichoingia ni mkia tu. Watoto wakawa wanaushika kwa zamu mpaka wapitiwe na usingizi. Baba yao alilala nje kwenye umande, akiwasikia wanavyogombania blanketi, akinusa majani makavu ya kitanda chake. Hakuna kinachouma kama kuisikia nyumba yako ikikoroma bila wewe.

Asubuhi alimfuata Sungura, jirani mwenye maneno mengi na shamba lisilolimwa.

"Kupungua ni kazi ndogo," Sungura alisema. "Chimba hapa shambani kwangu. Ukitoka jasho, mafuta yanayeyuka."

Ngiri akazamisha pua. Kwatu, kwatu, kwatu! Udongo ukaruka mpaka jua likawa utosini. Aliposimama kuhema, Sungura alikuwa ameshasogeza kikapu cha viazi vya kuchemsha.

"Hivi vya nini? Si napungua?"

"Ndiyo, jirani. Lakini umechoma nguvu ya kikapu kizima cha viazi kwenye matuta yale. Kilichotoka lazima kirudi, la sivyo utaanguka."

"Kikapu kizima umekijuaje?"

"Nimekuona unavyohema."

Viazi vilikuwa vinafuka moshi. Ngiri alikuwa hoi, na maneno yanayokuja na viazi vya moto ni magumu kubishana nayo. Akala vyote. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Shamba la Sungura likalainika kama unga. Matako ya Ngiri yakabaki yaleyale.

Mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya, na nyayo za Chui zikaonekana karibu na mlango.

"Baba Vumbi," mkewe alimwita magharibi, "kweli unachimba?"

"Tazama pua yangu ilivyochubuka."

"Ukishachimba unakula nini?"

"Nilichochoma tu. Sungura ananipimia."

"Yaani anayetaka urudi kesho kumlimia, ndiye anayekupimia?"

Masikio ya Ngiri yakawaka moto. Alitamani aende saa ileile akayavuruge matuta yote. Lakini kitindamimba alikuwa amesinzia ameshika mkia, naye hakutaka kumwamsha.

Kulipokucha alichimba, ila si kwa Sungura. Alichimba nyuma ya nyumba yake. Sungura akaja mbio na kikapu.

"Jirani, umepotea njia? Kula basi, utaanguka."

"Nikianguka utasikia kishindo."

"Jasho lote hilo liende bure?"

"Liende. Unachotaka kunirudishia ndicho ninachokikimbia. Njaa ikinishika nitakula, na njaa yangu haijakutuma wewe kuisemea."

Tangu siku hiyo akawa anakula chakula alichopitishiwa na mkewe mlangoni, basi. Kuna jioni alitazama upande wa kile kikapu mpaka machozi yakamlenga. Akageuza pua, akachimba.

Siku matone ya kwanza yalipodondoka, alirudi nyuma taratibu. Matako yakagusa kuta, yakasita, kisha teree! Yakapita. Tumbo likafuata. Mbele yake akamwona Chui akipita mvuani, akiyaangalia meno yale mlangoni, akienda zake.

"Sogea," mkewe alisema, "umejaza nyumba."

"Nisogee wapi?"

"Basi usisogee."

Wanangu, anayefaidi jasho lako asikupimie chakula chako.