Nguchiro na Vifuniko vya Uongo

Ngano naileta!
— Ilete tuipime!
Mnadhani ni ya kweli?
— Tutajua ikiisha!

Haya. Mmeitika vizuri. Vizuri mno, na mimi mtu akiniitikia vizuri mno humtazama mikono. Sogeeni mbele, tuonane.

Hapo kale palikuwa na Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Mnyama mdogo, mwembamba, rangi ya vumbi, asiyeweza kula hata panzi mmoja bila kusimama kwa miguu miwili kutazama nani anamtazama. Huyu wetu alikuwa mama wa watoto wanne, na nyumba hakuwa nayo. Kichuguu chake kilikanyagwa na Nyati aliyekuwa akipita zake, na Nyati hakusema hata pole. Basi mama na wanawe wakawa wanalala kwenye shimo la Nungunungu. Hebu fikirini raha ya kubanana chumba kimoja na nungunungu! Kila asubuhi watoto waliamka na matundu.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi. Kadi za harusi, kadi za pole, kadi za mtoto amezaliwa. Alikata karatasi ya manila kwa meno, akaikunja, akabandika maua ya karatasi kwa utomvu wa mti, kisha akatia rangi kwa kalamu zake sitini. Kalamu hizo alizipata kwa Kunguru kwa mayai ya msimu mzima. Kunguru alizitoa wapi? Msiniulize. Kunguru haulizwi.

Sasa tegeni masikio. Kalamu zote zilikuwa na mwili mweupe. Rangi ilionekana kwenye kifuniko tu, na kitakoni pana namba. Mtu mwingine angeona kifuniko chekundu, akasema hii nyekundu, akaanza kazi. Nguchiro? Thubutu! Alichukua kipande cha manila ileile ya kadi, akazijaribu kalamu moja moja. Anafungua, tak! Anachora kisanduku, chwii! Anaandika namba pembeni. Anapuliza, fuu, fuu. Anasubiri ikauke. Anafungua nyingine, tak! Chwii! Fuu, fuu. Hivyo hivyo mpaka zikatimia sitini.

"Mama, mbona unajisumbua?" watoto wakauliza. "Rangi si hiyo hapo kwenye kifuniko?"

"Kifuniko husema kinachotaka," akajibu. "Na rangi mbichi nayo ni mwongo. Mimi naamini iliyokauka."

Na hakukosea. Kifuniko chekundu, ikikauka, damu ya mzee. Kifuniko cha kahawia, ikikauka, maji ya kunde. Kifuniko cha waridi, ikikauka, huoni kitu.

Siku moja Mzee Tembo akatangaza harusi ya binti yake. "Nataka kadi mia," akasema. "Lakini kwanza, Ijumaa asubuhi, nataka nichorewe moja mbele ya macho yangu, yenye picha ya binti yangu, kwa rangi yake hasa. Si karibu na rangi yake. Rangi yake! Atakayeweza atachagua mahali pa kukaa katika ardhi yangu, popote apendapo, na hakuna atakayemwondoa."

Nguchiro aliposikia hivyo machozi yalimtoka. Alikijua kichuguu kimoja kando ya bwawa la Tembo: kigumu, vyumba saba, mlango mmoja wa kuingilia na mitatu ya kukimbilia. Kisingekanyagika hata na Nyati wawili.

Lakini Kiboko naye alisikia. Kiboko hakutaka kichuguu. Kiboko alitaka bwawa. Lote! Alitaka hata swala akishikwa na kiu apige hodi kwake, asubiri, aambiwe njoo kesho. Kalamu alikuwa hajawahi kushika tangu azaliwe.

Jumatano mlio ukasikika: puu! puu! puu! Kiboko huyo mlangoni kwa Nungunungu.

"Shikamoo, dada Nguchiro!"

Jamani! Mzee mzima, mwili kama ghala, anamwamkia Nguchiro shikamoo! Mkubwa akikupa shikamoo, wewe shika mfuko wako. Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema moyoni: "Kuna kitu."

"Mzee, hiyo shikamoo si yangu mimi kukupa wewe?"

"Aa, heshima haina umri, dada. Nimepita tu kukujulia hali. Watoto hawajambo? Kalamu hazijambo?"

"Kalamu?"

"Nilitaka kusema watoto."

Akaenda zake. Alhamisi tena: puu! puu! puu!

"Shikamoo, dada Nguchiro! Nimekuletea tikiti."

Tikiti lilikuwa limeumwa upande mmoja, na meno yenyewe tunayajua. Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema moyoni: "Kuna kitu."

Kiboko akaingiza kichwa, macho yakatua kwenye sanduku la kalamu. "Lo! Sitini? Na rangi zote zinajionyesha hapo juu. Kumbe kazi rahisi hii! Na hiki kikaratasi chenye madoadoa ni cha nini?"

Nguchiro akakisukuma kando kwa mguu. "Hicho? Napangusia kalamu zikichafuka."

"Takataka, basi."

"Takataka tupu, mzee."

Kiboko alipoondoka, Nguchiro hakuligusa tikiti. Akaketi chini, akachomoa vifuniko vyote. Tak! Tak! Tak! Akavichanganya vizuri, kisha akavirudisha kila kimoja kwenye kichwa kisicho chake. Chekundu kwa kijani. Cheusi kwa manjano. Kijivu, mh, kijivu alikiweka kwenye kalamu mbaya kuliko zote.

"Mama, sasa utazijuaje?" watoto wakashangaa.

"Namba iko kitakoni," akasema, "na rangi ya kila namba iko kwenye takataka yangu." Akakikunja kile kikaratasi, akakitia kwapani.

Ijumaa asubuhi, puu! puu! puu! Safari hii shikamoo haikuwapo. Heshima ilikuwa imeisha Alhamisi.

"Lete sanduku," Kiboko akasema. "Njiani kuna wezi. Nitakubebea."

"Mzee, wezi gani?"

"Hao hao." Akalidaka sanduku kwa midomo, akageuka.

Nguchiro akamwita kwa sauti ya unyonge, "Mzee, na kikaratasi hiki je? Huchukui?"

"Baki na takataka zako!"

Watoto wakaangua kilio. Nguchiro hakulia, akashika njia. Ujanja ni ujanja, wenzangu, na Kiboko ni Kiboko. Angesimama mara moja tu akajaribu kalamu moja tu juu ya jani, mambo yangeharibika, na kichuguu kingekwenda. Nguchiro alimfuata nyuma nyuma akiomba uvivu wa mzee yule usimwache hata hatua moja. Haukumwacha.

Kwa Mzee Tembo wanyama wote walikuwa wamekaa. Binti Tembo alikuwa katikati, ameoga, ameng'aa. Kiboko akatua sanduku, kishindo. Akachagua kifuniko cha kijivu, tak! Akachora tumbo la bibi harusi kwenye kadi, chwiii!

Ikatoka kijani. Tena si kijani cha jani, ni kijani cha ukungu wa mkate.

"Binti yangu ameoza?" Tembo akauliza.

"Ni mwanga tu, mheshimiwa." Kiboko akachukua kifuniko cheusi apake macho, tak! Chwii! Yakatoka manjano. Akachukua kifuniko cha kahawia apake kucha, tak! Chwii! Zikatoka zambarau. Twiga akacheka mpaka shingo ikapiga fundo. Bibi harusi akaanza kulia.

"Zimerogwa!" Kiboko akanguruma. "Huyo Nguchiro amezitia uchawi kalamu zangu!"

"Kalamu ni zako?" Tembo akamtazama kwa jicho moja.

"Zangu! Nilirithi kwa babu!"

Nguchiro akajitokeza, mdogo kama kisigino. "Shikamoo, Mzee Tembo. Mwenye mbuzi humjua mbuzi wake hata gizani. Mwambie Bwana Kiboko akuoneshe iliyo ya kijivu."

Kiboko akashika hii, tak! Waridi. Akashika ile, tak! Chungwa. Akashika nyingine, tak! Hiyo haikuonyesha kitu kabisa. Jasho likamtoka.

"Na wewe je?" Tembo akamgeukia Nguchiro.

Nguchiro akachomoa kikaratasi kwapani, akakikunjua, akakisoma taratibu. Akapekua vitako vya kalamu. "Namba kumi na saba," akasema, akatoa kalamu yenye kifuniko cha manjano. Watu wakaguna. Tak! Chwii!

Ikatoka buluu.

"Aaa!" uwanja mzima ukapiga kelele. "Naye hajui! Wote wezi hawa!" Kiboko akacheka, meno yote nje. Tembo akainua mguu wa mbele, na mnajua mguu wa Tembo ukiinuka hushuka wapi.

"Subirini," akasema Nguchiro. "Ni mbichi hiyo. Nawaomba, subirini." Akapuliza. Fuu. Fuu. Fuu.

Wakasubiri. Buluu ikafifia. Ikafifia tena. Ikawa kijivu, kijivu chenye vumbi kidogo. Binti Tembo akaacha kulia, akasogea, akalaza mkonga wake kando ya kadi. Mkonga na kadi, hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi.

"Ni mimi," akasema binti Tembo. "Ni mimi kabisa!"

Kiboko hakungoja hukumu. Puu puu puu puu, mbio mpaka mtoni, chubwi! Mpaka leo hukaa majini macho tu yakiwa juu, na akisikia kitu kinafunguliwa, tak! huzama.

Tembo akampa Nguchiro sanduku lake, kazi yake na kichuguu chake. Kisha akamwinamia. "Lakini nina neno nawe. Mtu mwaminifu huvika kalamu zake vifuniko vya uongo?"

"Mtu mwaminifu asiye na majirani, hapana, mzee."

Tembo akacheka, lakini si sana. "Basi sasa uko kwangu, huna hofu. Virudishe vifuniko mahali pake, hata sisi tuweze kuazima."

"Ndiyo, mzee."

Akavirudisha? Akachora kadi mia, harusi ikachezwa, watoto wakapata kila mmoja chumba chake. Jioni ile ya kuhamia, Nguchiro alichomoa vifuniko vyote na kuvichanganya upya. Kisha akakata kile kikaratasi vipande vinne, kila mtoto akampa kimoja akifiche. Akambusu kila mmoja, akamnong'oneza kila mmoja sikioni: "Usiwaonyeshe ndugu zako."

Funzo la ngano hii, wanangu, liko wazi kabisa. Mwaminini kila mtu. Jirani akija mpokeeni, mkaribisheni ndani, mwonyesheni mnapoweka vitu vyenu. Shaka ni ugonjwa, na mwenye shaka hapati maendeleo wala nyumba ya vyumba saba.

Mbona mnanitazama hivyo?

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, nimeitunga mimi. Ikiwa chungu, niliisikia kwa jirani.